Jinsi ya Kuchagua Pedi na Diski za Breki kwa Gari la Barabarani na la Uwanja wa Mbio

Ukienda dukani kununua pedi za breki, muuzaji atakuuliza mambo mawili: gari ni la aina gani, na unataka za mbele au za nyuma. Majibu hayo yanatosha kupata pedi itakayoingia kwenye kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, lakini hayatoshi kupata pedi itakayokufaa, kwa sababu pedi mbili zenye umbo moja zinaweza kutofautiana kabisa zikishapata joto. Breki haina kazi nyingine ila kugeuza mwendo wa gari kuwa joto na kulitoa joto hilo hewani, na karibu kila kosa ninaloliona katika ununuzi wa pedi na diski linatokana na mwenye gari kutojiuliza gari lake litazalisha joto kiasi gani, na litapata muda gani wa kupoa.

Katika maelezo haya nitatumia mfano wa Subaru Impreza WRX, kwa kuwa ni gari ambalo vijana wengi wa Nairobi, na wengine wa Dar es Salaam na Kampala, hulinunua wakiwa na nia ya kwenda nalo kazini Jumatatu na kwenye mashindano Jumapili. Uzito wake, takriban kilo 1,400, unaturahisishia hesabu, na diski zake za mbele za milimita 294 ni za ukubwa unaopatikana kwenye magari mengi ya kiwango hicho. Mwenye Toyota au Mazda abadilishe namba tu; mambo mengine ni yaleyale.

Joto linatoka wapi

Gari la kilo 1,400 linalokwenda kilomita 60 kwa saa hubeba nishati ya kilojuli 194 hivi, na hiyo ndiyo inayoishia kwenye breki unaposimama kwenye taa za barabarani. Nishati hiyo huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo mwendo ukizidishwa mara mbili joto huzidi mara nne. Gari hilohilo likipunguza mwendo kutoka kilomita 160 hadi 60 kwa saa kabla ya kuingia kona ya uwanjani, breki hupokea kilojuli 1,190 hivi, yaani mara sita ya zile za kwenye taa. Tukichukulia kwamba breki za mbele hubeba asilimia 70 ya kazi na kwamba kila diski ya mbele ina uzito wa kilo 8, tendo hilo moja la sekunde chache linapandisha joto la diski kwa nyuzi 100 hivi. Sasa fikiria mzunguko wenye kona tano za namna hiyo, kila moja ikifika kabla diski haijarudi ilikokuwa. Diski ambazo mjini hukaa kati ya nyuzi 100 na 200 hufika nyuzi 500 au 600 kabla dereva hajamaliza mzunguko wa tatu.

Wale wasio na mpango wa kukanyaga uwanja wowote wasifunge ukurasa hapo. Kila mita 100 ambazo gari hilo linapungua kimo katika mteremko, uzito wake hutoa kilojuli 1,370 hivi, ambazo ni nyingi kuliko za ile kona ya uwanjani. Upepo na injini huchukua sehemu yake, lakini dereva anayeteremka Kitonga akielekea Ruaha Mbuyuni, au anayeshuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, akiwa ameliacha gari kwenye gia ya juu na kuulaza mguu kwenye pedali, anazipa breki zake mtihani unaokaribia ule wa mashindano ingawa mwendo wake ni kilomita 50 tu kwa saa. Tena hana upepo wa kasi wa kuzipoza. Mimi nilijua hilo Kitonga, nikiwa na pedi mpya za bei rahisi nilizoziamini kwa sababu tu zilikuwa mpya: kwanza ilikuja harufu kama ya plastiki inayoungua, kisha pedali ikawa ngumu kama ubao, nami nikawa nakanyaga kwa nguvu zangu zote huku gari likipunguza mwendo kwa kusitasita. Gia ya pili ndiyo iliyonifikisha chini.

Ugumu ule wa pedali una maana yake, na yafaa uujue kabla ya kutoa fedha yoyote. Pedali ikiwa ngumu na gari halisimami, pedi ndiyo iliyoshindwa: joto limepita uwezo wake na msuguano umeanguka. Pedali ikiwa laini na kuzama kuelekea sakafuni, pedi haina hatia. Maji ya breki yamechemka ndani ya kalipa, na mapovu ya mvuke yanabanwa badala ya kusukuma pistoni zinazobana pedi. Watu hubadilisha pedi kwa sababu ya tatizo la pili na kushangaa linaporudi.

Maji ya breki kabla ya pedi

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua si pedi. Ni chupa ya maji ya breki na saa mbili za fundi anayejua kutoa hewa kwenye mfumo. Ushauri huu huwaudhi wengi, kwa kuwa maji hayaonekani nyuma ya ringi na hakuna rafiki atakayeyasifia, lakini kwa kila shilingi inayotumika hakuna kinachorudisha faida kubwa zaidi.

Maji ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, na kadiri unyevu unavyoongezeka ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Kwa kipimo cha chini kinachokubalika, DOT 3 ikiwa mpya inapaswa isichemke chini ya nyuzi 205, na ikishafyonza unyevu isishuke chini ya 140, DOT 4 ni nyuzi 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Namba ya pili hupimwa wakati unyevu umefika asilimia 3.7, hali ambayo gari la Tanga, Mombasa au Unguja, linalolala katika hewa nzito ya pwani mwaka mzima, huifikia mapema kuliko gari la bara kavu. Kwa gari la barabarani, badilisha kila baada ya miaka miwili. Kwa gari linalokwenda uwanjani, weka DOT 4 mpya au DOT 5.1 muda mfupi kabla ya siku yenyewe. Na kama unakwenda mara kwa mara, maji ya mashindano kama Motul RBF 600, ambayo yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 312, yanastahili bei yake. Jihadhari na jina moja: DOT 5 isiyo na nukta na moja mbele yake ni silikoni, na haichanganywi na hizo nyingine hata kidogo.

Kusoma pedi

Pedi ni mchanganyiko wa nyuzinyuzi, unga wa metali, grafaiti na chembe za kukwaruza, vyote vikiwa vimeshikwa na gundi ya fenoli iliyookwa. Tofauti ya pedi moja na nyingine ni mapishi. Gundi hiyo ndiyo mahali dhaifu, kwa kuwa ikipitishwa kiwango chake huanza kuvunjika na kutoa gesi, na tabaka jembamba la gesi likiingia kati ya pedi na diski msuguano hupotea. Watengenezaji wamehangaika na jambo hili kwa zaidi ya miaka 100. Mwingereza Herbert Frood, aliyeanzisha kampuni ya vitambaa vya breki mwaka 1897, alizichanganya herufi za jina lake na kuongeza moja akapata Ferodo, jina ambalo bado limechapwa kwenye maboksi ya spea hadi leo.

Pedi za kawaida za barabarani, zisizo na chuma kingi, ni tulivu, haziili diski sana, na hushika vizuri zikiwa baridi, jambo ambalo ni la lazima kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kukutana na bodaboda kwenye kona ya kwanza. Udhaifu wake huanza kuonekana joto linapokaribia nyuzi 300 au 350. Pedi za nusu chuma hustahimili zaidi na hulipitisha joto vizuri, kwa gharama ya vumbi jeusi kwenye ringi na kelele kidogo. Pedi za seramiki zimezungukwa na kutoelewana kukubwa: watu huzihusisha na diski za kaboni na seramiki za magari ya kifahari, wakadhani ni za mashindano. Si hivyo. Pedi za seramiki zilibuniwa kwa ajili ya utulivu, vumbi hafifu na kudumu, na nyingi hazifai uwanjani. Kwa gari la familia linaloishi mjini, hata hivyo, ndizo ningenunua.

Pembeni ya pedi, au mgongoni kwenye bamba la chuma, mara nyingi utakuta herufi mbili mwishoni mwa mfululizo wa namba, kwa mfano FF au GF. Hizo ni herufi za kiwango cha Kimarekani: ya kwanza inaonyesha msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepashwa zaidi. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55. Herufi ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, kama FE, pedi hiyo inapoteza nguvu ikipata joto, nami singeiweka kwenye gari linalopita milimani. Lakini usizitegemee herufi hizi kwa uwanja wa mbio, kwa kuwa kipimo chake hufanywa kwa kipande kidogo cha pedi na huishia kwenye nyuzi 340 hivi, wakati shida ya uwanjani huanzia hapo. Alama nyingine yenye thamani ni ile ya Ulaya, herufi E ndani ya duara ikifuatana na namba yenye 90R, ambayo maana yake ni kwamba pedi imepimwa na kukutwa haipishani na pedi ya asili ya gari kwa zaidi ya asilimia 15.

Alama hizo zote zinaweza kuchapwa na mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Kwa hiyo kwenye duka la spea iangalie pedi yenyewe: ukingo wake usiwe na nyufa wala usimeguke ukiukwaruza kwa kucha, bamba la nyuma liwe limenyooka na limepakwa rangi kila upande, na kusiwe na mwanya kati ya bamba na pedi. Niliwahi kuuziwa pedi ambazo, nilipozivua baada ya miezi mitatu, zilikuwa zimeanza kubanduka kwenye bamba kama soli ya kiatu. Boksi lake lilikuwa zuri kuliko la pedi halisi.

Kwa matumizi mawili, yaani barabarani na uwanjani, swali kubwa ni kama pedi moja inaweza kufanya kazi zote. Kwa mtu anayeanza, inaweza. Kuna pedi za kati, kama Ferodo DS2500, Hawk HP Plus au EBC Yellowstuff, ambazo hushika zikiwa baridi na bado zina akiba ya joto ya kutosha kwa vipindi vifupi vya dakika 10 au 15 na kwa dereva ambaye bado anajifunza njia bora ya kupita kila kona. Zitalia mjini, hasa zile za Hawk, na vumbi litakuwepo. Ukishakuwa na kasi ya kuzichosha, hapo ndipo unapohamia pedi za uwanja peke yake, kama Hawk DTC-60 au Pagid RSL29, ambazo zimetengenezwa kwa joto la mamia mengi ya nyuzi. Pedi za namna hiyo usiziache kwenye gari la kila siku. Nyingi hazishiki vizuri mpaka zipate joto, zikiwa baridi huikwangua diski kama msasa, na vumbi lake likilowa huganda kwenye ringi na kuila rangi.

Ipo pia imani kwamba pedi yenye msuguano mkubwa zaidi hufupisha umbali wa kusimama. Fanya jaribio moja: mahali salama, barabara ikiwa kavu na breki zikiwa baridi, kanyaga kwa nguvu kutoka kilomita 80 kwa saa. Kama mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, yaani ABS, unaanza kufanya kazi, basi pedi zako tayari zina nguvu kuliko mshiko wa tairi, na pedi kali zaidi haitakusimamisha mapema hata kwa mita moja. Fedha hiyo ipeleke kwenye tairi. Pedi nzuri ya uwanja hununuliwa ili kufunga breki kwa mara ya 20 kufanane na kwa mara ya kwanza.

Diski: usidanganywe na matundu

Diski za breki zilijipatia heshima mwaka 1953, Jaguar C-Type zilipotumia diski za Dunlop na kushinda mbio za saa 24 za Le Mans mbele ya magari yaliyokuwa na breki za ngoma. Faida iliyozipa ushindi ndiyo ileile tunayoitafuta leo: diski iko wazi kwenye upepo, ngoma imejifungia joto lake ndani.

Kwa gari la barabarani na kwa wanaoanza uwanjani, diski sahihi ni ya kawaida, laini, ya chuma cha kusubu, yenye nafasi ya hewa katikati ya nyuso zake mbili, ya kipimo kilekile cha kiwandani na kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika. Najua haipendezi machoni. Lakini diski ni ghala la joto, na kinachofanya ghala liwe kubwa ni uzito wa chuma, si mapambo. Diski iliyotobolewa matundu imepunguziwa chuma. Matundu hayo yalikuwa na kazi zamani, pedi zilipokuwa zikitoa gesi nyingi iliyohitaji njia ya kutokea. Kwa pedi za sasa kazi hiyo imepungua, lakini ubaya wake umebaki, kwani nyufa za joto hupenda kuanzia kwenye ukingo wa tundu. Kweli, Porsche hutoa magari yenye diski za matundu tangu kiwandani, lakini diski hizo ni kubwa na matundu yake yamepangwa na wahandisi. Diski ya kawaida iliyopelekwa kwa fundi ikatobolewa kwa drili ni kitu kingine kabisa, nami sikubali kupanda gari lililofungwa diski ya namna hiyo.

Diski zenye mifereji ni habari tofauti. Mifereji huukwangua uso wa pedi na kuuacha ukiwa safi, jambo linalosaidia pedi za uwanja zenye tabia ya kung'aa kama kioo zikizidiwa na joto. Gharama yake ni mngurumo mdogo unapofunga breki na pedi kuisha mapema kidogo. Baada ya hapo kuna diski za vipande viwili, ambazo kitovu chake ni cha alumini na pete ya chuma hutanuka bila kujikunja. Ni nzuri, nyepesi na ghali, na mtu anayezihitaji huwa ameshajua kwa nini. Diski za kaboni na seramiki, ambazo Porsche ilianza kuziuza kwenye magari yake mwaka 2001, nitaziacha, kwa sababu bei ya seti moja inaweza kununua gari tunalolizungumzia.

Ikiwa diski za kawaida zenye pedi nzuri na maji mapya bado zinazidiwa, hapo ndipo ukubwa unapoingia. Wenye WRX hutafuta breki za kampuni ya Brembo za ndugu yake STI, lile toleo kali zaidi la Impreza, ambazo diski zake za mbele ni milimita 326 kwa unene wa 30, zikilinganishwa na 294 kwa 24. Chuma kimeongezeka, na nguvu ya kushika inafanya kazi mbali zaidi na kitovu. Kabla ya kulipa, hakikisha ringi zako ni za inchi 17 au zaidi na kwamba mikono yake inapita mbele ya kalipa bila kugusa, kwa kuwa si kila ringi ya inchi 17 inakubali. Chukua na za nyuma pia. Gari limepangiwa uwiano wa breki za mbele na nyuma, na ukiongeza nguvu upande mmoja tu unauvuruga: mbele zikizidi, breki za nyuma zinabaki bila kazi na gari husimama kwa umbali mrefu kuliko mwanzo, nyuma zikizidi, gari hugeuka kinyumenyume katikati ya kona. Kanuni hiyohiyo inahusu pedi. Usiweke pedi kali nyuma huku mbele kuna za kawaida, hata kama ndizo pekee zilizokuwa dukani.

Diski za zamani usizitupe wala kuziamini bila kuzipima. Kipimo cha chini cha unene kimechapwa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida baada ya maneno MIN TH, na mara nyingi ni milimita 2 tu chini ya unene wa diski mpya. Pima kwa maikromita katika sehemu nane kuzunguka diski, ndani kidogo ya ukingo, kwa sababu ukingo huacha mdomo usioisha unaodanganya rula. Fundi akisema ataikereza, muulize itabaki milimita ngapi akimaliza. Ikiwa itashuka chini ya namba iliyochapwa, nunua mpya. Nyufa nyembamba kama nywele juu ya uso wa diski ya uwanjani ni jambo la kawaida. Ufa unaokamata ukucha, au uliofika ukingoni, umeimaliza diski hiyo siku hiyohiyo.

Usukani ukitetemeka unapofunga breki, gereji nyingi zitakuambia diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Kilichotokea ni kwamba nyenzo ya pedi imejibandika kwenye diski bila usawa, au kutu imebaki kwenye habu, yaani kitovu kinachoshikilia diski na gurudumu, na kuiegemeza diski upande, nayo ikawa inakwaruzwa mahali pamoja kila mzunguko mpaka unene ukatofautiana. Tofauti ya sehemu mbili za mia za milimita inatosha kuutikisa usukani. Ndiyo maana kabla ya kufunga diski mpya habu husuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, na nati za gurudumu hukazwa kwa mpangilio wa nyota, kwa spana ya kupimia nguvu. Bunduki ya upepo isiachiwe kuzimalizia.

Kuzizoesha

Pedi na diski mpya hazijafahamiana. Zinahitaji kupashwa joto kwa utaratibu ili tabaka jembamba la pedi lihamie kwenye diski na kuenea sawasawa, na ili gesi ya mwanzo ya gundi itoke kabla hujaihitaji breki kwa dhati. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, saa ambayo watu bado wamelala. Anza na kufunga breki mara tano kwa nguvu ya wastani kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa. Kisha fanya mara nane hadi kumi kwa nguvu zaidi, kutoka kilomita 100 hadi 30, moja baada ya nyingine, bila kulisimamisha gari kabisa, kwa sababu pedi ya moto ikitulia juu ya diski huacha alama ya umbo lake, nayo ndiyo mbegu ya ule mtetemo. Utasikia harufu, na pedali inaweza kulegea kidogo kuelekea mwisho. Hapo acha, endesha kwa dakika 10 au 15 bila kugusa breki isipokuwa lazima, kisha egesha pasipo kuvuta breki ya mkono mpaka zipoe. Diski iliyokubali huwa na rangi moja ya kijivu chenye ubuluu uso mzima. Watengenezaji wa pedi za uwanja hutoa utaratibu wao wenyewe, na wao ndio wa kufuatwa.

Siku ya uwanjani

Usiingie na pedi zilizobaki chini ya nusu ya unene. Mjini unaweza kuzitumia hadi milimita 3, lakini uwanjani pedi ndiyo kinga kati ya diski ya moto na pistoni, na ikiwa nyembamba joto huyafikia maji haraka; tena seti ambayo ingedumu mwaka mzima barabarani inaweza kuisha mchana mmoja. Vua kalipa wiki moja kabla, hakikisha pini zake zinateleza na zina grisi ya breki inayostahimili joto, na kwamba mipira ya pistoni haijakauka wala kuchanika. Pini iliyokwama huifanya pedi moja iishe wakati mwenzake bado mpya, na hakuna pedi ya bei yoyote itakayotibu hilo.

Kona ikifika, funga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha achia. Kugusa breki kidogo kidogo kwa muda mrefu, kama wengi tulivyozoea barabarani, huipa diski joto bila kuipa nafasi ya kupumua. Mzunguko wa mwisho wa kila kipindi uendeshe polepole, breki zikiwa hazitumiki, na ukiegesha usivute breki ya mkono. Acha gari kwenye gia na uweke jiwe nyuma ya gurudumu. Pedali ikianza kurefuka, toka nje mzunguko huohuo.

Kama ulifunga pedi za uwanja, zibadilishe hapohapo kabla ya kurudi nyumbani, kazi ya chini ya saa moja kwa seti ya mbele ukiwa na jeki, stendi na mtu wa kukushikia tochi. Usifanye haraka: subiri mpaka diski iweze kuguswa kwa mkono. Pedi za barabarani zikirudi juu ya diski iliyofunikwa na tabaka la pedi nyingine hushika kwa kusitasita mwanzoni, kwa hiyo wenye fedha huwa na diski za pili kwa ajili ya uwanja, na wengine hununua pedi za barabarani na za uwanjani kutoka kwa mtengenezaji anayesema wazi kwamba michanganyiko yake miwili inaelewana kwenye diski moja. Asiye na hili wala lile arudie ule utaratibu wa kuzizoesha njiani. Ukimaliza kufunga, pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla ya kuwasha gari na kulisogeza, kwa kuwa pistoni zimesukumwa nyuma, na mkanyago wa kwanza utazama hadi sakafuni bila kushika kitu.